Mashine za Baridi Zilizochakaa na Mbao Zetu za Pwani

Kwa miaka mingi niliamini, kama nilivyofundishwa na mafundi walionitangulia, kwamba mbao hukaushwa na muda. Unazipanga kivulini, unazitenganisha kwa vijiti ili upepo upite, kisha unasubiri. Subira hiyo niliishika kwa uaminifu katika karakana yangu hapa Dar es Salaam, mpaka pale meza ya mikutano niliyoiunda kwa mtiki uliokaa chini ya bati miezi 14 ilipopasuka katikati, baada ya kukaa miezi mitatu tu katika ofisi ya mteja. Mteja hakunigombeza. Aliniita, akanionyesha ufa ambao sarafu ingeweza kusimama ndani yake, akaniuliza kwa upole, "Fundi, si ulisema mbao ni kavu?" Nilikuwa nimesema hivyo, na nilikuwa nikiamini nilichokisema.

Swali lake lilinisumbua kwa sababu lilibeba swali jingine ndani yake: kavu kwa hewa ipi? Ubao hunyonya na kutoa unyevu usiku na mchana mpaka uafikiane na hewa inayouzunguka, na hapo ndipo hutulia. Hewa ya pwani yetu mara nyingi huwa na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na katika hewa ya namna hiyo ubao hutulia ukiwa na maji kati ya asilimia 14 na 16 ya uzito wake mkavu. Ukiuacha hapo miaka kumi hautashuka zaidi, kwa kuwa hewa yenyewe haina nafasi ya kupokea maji yaliyobaki. Ofisini kwa mteja wangu, kiyoyozi kilikuwa kikiwashwa tangu asubuhi hadi jioni, na unyevu wa hewa ulikuwa karibu asilimia 50. Mbao katika hewa hiyo hutulia kwenye asilimia 9 hivi. Kwa hiyo meza yangu iliingia ndani ya chumba kile ikiwa na deni la asilimia sita, na ikaanza kulilipa.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Mtiki uliopasuliwa kwa kufuata duara la pete zake hupungua upana kwa takriban asilimia 5.3 unapotoka katika ubichi kamili hadi ukavu kamili, na kupungua huko huanza pale unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Ina maana kila asilimia moja ya maji inayotoka huondoa karibu asilimia 0.18 ya upana. Kwa meza ya upana wa mita 1.2, deni la asilimia sita ni zaidi ya sentimita moja. Mimi nilikuwa nimeubana uso wa meza kwa skrubu na gundi juu ya fremu isiyoruhusu mwendo hata wa milimita mbili. Mbao zilitakiwa zisogee, hazikupewa njia, zikapasuka.

Aliyenifungulia macho kuhusu dawa yake si fundi seremala. Ni mzee mmoja wa mtaani kwetu anayetengeneza friji na viyoyozi, ambaye nilimkuta akichunguza kiyoyozi cha jirani yangu. Nilipomsimulia habari ya meza, alinionyesha bomba dogo lililokuwa likidondosha maji ukutani. "Mwanangu," aliniambia, "unadhani haya maji nani ameyamwaga humo ndani? Hakuna. Ni hewa ya chumbani imekamuliwa." Nilikuwa nimeyaona maji yale maisha yangu yote, na siku zote niliyahesabu kuwa ni kero ya kuchafua ukuta. Kumbe mashine iliyoipasua meza yangu ndiyo ambayo ningeweza kuitumia mapema, kwa makusudi na kwa kipimo, kabla ya mbao kufika kwenye randa.

Jaribio la kwanza lilikuwa dogo. Nilichukua friza la kulala ambalo kompresa yake, yaani pampu inayoizungusha gesi ya kupoozea, ilikuwa imekufa, nikaweka ndani balbu mbili za zamani za wati 60 na feni ndogo ya kompyuta, nikapanga vipande vya mkangazi vya kutengenezea miguu ya stuli. Wachonga bakuli wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakitumia friji zilizokufa kwa namna hii kwa miaka mingi, na sababu yake ni rahisi: friji hata ikifa hubaki kuwa sanduku lenye kuta zinazozuia joto kupita. Hewa ya nyuzijoto 28 yenye unyevu wa asilimia 78, ukiipasha tu hadi nyuzijoto 40 bila kuongeza wala kuondoa hata tone la maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 40 hivi. Hewa moto ina kiu kubwa kuliko hewa ya kawaida. Hata hivyo, safari ile ya kwanza nilifunga kifuniko bila kuacha tundu, na baada ya siku nne vipande vyote vilikuwa vimefunikwa na ukungu wa kijani, kwa sababu maji yaliyotoka kwenye mbao hayakuwa na pa kwenda. Nilitoboa matundu mawili chini na mawili juu, upande wa pili, na kazi ikaenda vizuri.

Friza lile ninalo hadi leo na ninalitumia kwa vipande vidogo, lakini lilinifundisha pia mipaka yake. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya karibu theluthi mbili za uniti moja ya umeme. Ukiutoa mvuke huo nje kupitia tundu, umeitupa nishati hiyo pamoja nao, na hewa mpya inayoingia ni lazima uipashe tena. Kwa vipande kumi vya miguu ya stuli hasara hiyo haionekani. Kwa mita za ujazo kadhaa, ambapo maji ya kutolewa huwa mamia ya lita, mita ya umeme ya LUKU itakusomea hasara hiyo kila siku.

Hapa ndipo kompresa nzima ina faida ambayo balbu haina. Hewa yenye mvuke ikipita kwenye koili ya baridi, yaani mabomba ya mashine yaliyokunjwakunjwa ambayo gesi huyapoza, mvuke hurudi kuwa maji, na unaporudi kuwa maji huachia joto lile lile ulilolichukua ulipokuwa ukitoka kwenye ubao. Gesi ya mashine hulibeba joto hilo hadi kwenye koili ya moto, na koili ya moto hulirudisha ndani ya hewa ile ile, ambayo sasa ni kavu na ya moto, tayari kwenda kuchota maji mengine. Joto linazunguka, kinachotoka nje ni maji tu, kupitia mpira mwembamba. Ndiyo maana kiyoyozi cha dirishani cha kizamani, kile cha sanduku moja ambacho watu wanakitupa siku hizi ili wafunge cha vipande viwili, kinafaa mno kwa kazi hii: koili zote mbili zimo ndani ya kisanduku kimoja, na ukikiweka chote ndani ya chumba kilichofungwa hakipoozi chumba. Kinakipasha joto huku kikikausha.

Chumba nilikipata kwa bei ya chuma chakavu: kontena la baridi la futi 20, la aina inayosafirisha samaki na matunda, ambalo mashine yake ilikuwa imekwisha na mmiliki alitaka liondoke uwanjani kwake. Sijaona jengo lolote ambalo fundi wa kawaida anaweza kulijenga likafaa kwa kukausha mbao kuliko kontena hilo. Kuta zake zimejazwa povu la polyurethane, ndani lina bati lisiloshika kutu, milango ina mipira inayobana, na sakafu ni ya alumini yenye mifereji mirefu inayopitisha hewa chini ya mzigo na kuyaongoza maji kwenye matundu ya kutolea. Mashine yake ya asili hatukuihitaji hata kama ingekuwa hai, kwa kuwa imeundwa kulitupa joto nje, nasi tulilitaka joto hilo libaki ndani. Tena huendeshwa kwa umeme wa nyaya tatu wa nguvu kubwa ambao karakana yangu haina.

Kabla ya kukata chochote, mzee alinizuia. Mashine kuukuu za baridi zina gesi ndani, na gesi hizo hazifanani. Friji za kale zaidi zilijazwa R12, ambayo hula tabaka la ozoni na ndiyo mojawapo ya zile zilizoanza kuondolewa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987; viyoyozi vingi vya zamani vina R22, ambayo nayo inaliharibu tabaka hilo kwa kiasi kidogo; friji zilizofuata zina R134a, ambayo haigusi ozoni lakini kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, na ndiyo sababu marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwezi Oktoba 2016 yalizilenga gesi za ukoo wake. Friji nyingi mpya zina R600a, ambayo inawaka moto. Anayekata bomba la friji kwa msumeno bila kujua kilichomo anaweza kujichoma, na hata asipojichoma amewadhuru watu asiowafahamu. Mzee aliivuta gesi ya kontena kwenye mtungi wake kwa mashine ya kunyonyea, kazi iliyochukua nusu siku, na mimi nilimlipa nusu siku hiyo kwa moyo mweupe. Povu la kwenye kuta nalo lisichomwe kamwe, kwa kuwa moshi wake ni sumu kali.

Jambo jingine ambalo sitaki mtu alipuuze ni mlango. Kontena na friza vyote viwili vinaweza kumfungia mtu ndani, na kuta zinazozuia joto huzuia pia sauti. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kuhakikisha mlango wa friji unafunguka kutoka ndani, baada ya watoto kufia ndani ya friji zilizotupwa. Nilichomea kishikizo cha ndani katika milango ya kontena kabla hata ya kuingiza waya wa umeme, na friza la balbu lina tundu la kufuli ambalo halikai bila kufuli, kwa sababu watoto wa mtaani hupita karakana kwangu wakitoka shule.

Sasa nieleze upangaji, kwa kuwa humo ndimo kazi nzuri huzaliwa au hufa. Vijiti vya kutenganisha mbao lazima viwe na unene mmoja, nami hutumia vya milimita 20, vikavu, nikivipanga kila baada ya sentimita 40 na kuhakikisha kila kijiti kimekaa sawasawa juu ya mwenzake wa chini. Kijiti kikihama, ubao ulio juu yake hupinda mahali hapo na kukaukia katika hali ya kupinda. Ncha za mbao huzipaka rangi nzito ya mafuta siku ile ile zinapofika, maana maji hutoka kwenye ncha kwa kasi kubwa mno kuliko kwenye uso, na nyufa nyingi tunazozilaumu kwa jua zilianzia nchani. Juu ya rundo huweka vipande vya reli ili tabaka za juu zisijipinde. Feni nne zimefungwa kwenye ukuta wa mbao nilioujenga juu ya rundo, na pazia la turubai huizuia hewa isizunguke pembeni, ili isiwe na njia nyingine ila kupita katikati ya mbao. Bila pazia hilo hewa huenda kwenye uwazi, kama maji yanavyofuata mfereji, na rundo lako hubaki bichi katikati.

Kiyoyozi kilibidi kifanyiwe upasuaji mdogo. Swichi yake ya joto, ambayo humwamuru kompresa asimame chumba kikipoa, haina maana ndani ya tanuri la kukaushia mbao kama kontena langu, hivyo mzee aliiondoa na kuweka swichi inayosikiliza unyevu wa hewa. Tuliweka pia swichi ya pili ya joto inayokata umeme nyuzijoto zikipita 40. Kompresa ya kiyoyozi cha kawaida haikuundwa kufanya kazi katika hewa ya nyuzijoto 50. Mafuta yake huharibika na koili zake za umeme huungua. Mashine za viwandani zilizotengenezwa kwa ajili ya mbao hufika mbali zaidi ya hapo, lakini yangu ni kuukuu na nimeamua kuiheshimu.

Shehena ya kwanza niliiharibu kwa haraka yangu. Ilikuwa mikaratusi ya inchi mbili, na nilianza kwa unyevu wa chini kabisa ambao mashine iliweza kuufikia, nikifurahia kuona ndoo ikijaa. Baada ya wiki tatu kipimo cha pini, kile kinachochomekwa kwenye ubao kusoma unyevu wake, kilisema asilimia 11, na mbao kwa nje zilikuwa safi. Nilipoingiza ubao wa kwanza kwenye msumeno kuupasua unene, vipande viwili vilijifunga kuubana msumeno kwa nguvu iliyozima mota. Ngozi ya ubao ilikuwa imekauka kabla ya moyo, ikakazana huku ikiwa imenyooshwa, na moyo ulipokuja kukauka ulikuta umezungukwa na ganda lisilokubali kupungua. Baadhi ya mbao zilikuwa na nyufa ndani kwa ndani, zisizoonekana mpaka uzikate. Zilikuwa mbao za fedha yangu mwenyewe na ziliniuma, lakini ningeumia zaidi kama zingekuwa za mteja.

Tangu hapo naanza na hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hadi 85, nikiushusha polepole kadiri mbao zinavyokauka, na ninafika asilimia 40 katika siku za mwisho tu. Kipimo cha pini sikiamini kikisoma zaidi ya asilimia 30, kwa hiyo mwanzoni hutumia mizani. Nakata kipande kutoka ndani ya ubao, mbali na ncha, nakipima, nakikausha kwenye oveni ya jikoni kwa nyuzijoto 103 hadi uzito usishuke tena, nakipima tena. Kikiwa na gramu 250 kabla na gramu 180 baada, maji yalikuwa gramu 70, na 70 ukigawanya kwa 180 unapata asilimia 39. Mwishoni nakata kipande chembamba cha kukatisha ubao na kukichonga mfano wa uma wenye meno mawili. Meno yakilalia ndani, ubao bado una mkazo, basi nazima kompresa na kunyunyizia maji ya moto hewani kwa siku moja au mbili ili ngozi ilegee. Mkazo hupungua, ingawa kwa joto langu dogo hauishi wote.

Shehena ya mtiki iliyofuata, kutoka Longuza kule Muheza, ilikuwa mita tatu za ujazo. Iliingia na unyevu wa asilimia 35 na kutoka na asilimia 10 baada ya siku 36. Ndoo ilinipa zaidi ya lita 400 za maji kwa jumla, na umeme ulitumika uniti 560 hivi. Kwa mtu anayeuza mbao za kupaulia nyumba gharama hiyo haina sababu. Kwa anayetengeneza meza za ofisi, milango ya hoteli na makabati yatakayokaa katika vyumba vyenye viyoyozi, naona kutokukausha ndiyo gharama, hata kama anayeilipa ni mteja na hajui kwamba anailipa. Kila ninapopita nikaona lori la paina kutoka Mafinga likishusha mbao zinazodondosha maji, na jioni ile ile mbao hizo ziko kwenye randa za mafundi, moyo wangu huwa mzito, kwa sababu wengi wa mafundi hao wana mikono mizuri kuliko yangu.

Yako mambo mawili yaliyonigharimu baadaye. Mbao mbichi zinapopashwa joto hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo hula shaba. Koili ya baridi ya kiyoyozi changu cha kwanza ilitoboka kabla ya mwaka kuisha, na gesi yote ikapotea. Cha pili tuliipaka koili yake rangi ya epoksi kabla ya kukifunga, na kimedumu. Jambo la pili ni bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Nyuzijoto 40 haziwaui. Viwango vya kimataifa vya mbao za kufungashia mizigo hutaka moyo wa ubao ufike nyuzijoto 56 na kukaa hapo dakika 30, na mashine yangu haifiki huko. Kwa hiyo mbao zenye kambiamti nyeupe nyingi, yaani ile sehemu ya mti iliyo karibu na gome, hupakwa dawa ya boraksi zikiwa bado mbichi, kwa kuwa dawa hiyo husafiri ndani ya maji na kuingia ubao vizuri zaidi kabla haujakauka.

Meza ya yule mteja niliitengeneza upya bila malipo, kwa mtiki wa shehena ile. Safari hii nilifunga uso wa meza kwenye fremu kwa vibanio vya mbao vinavyoteleza ndani ya mifereji, kwa kuwa hata ubao wa asilimia 10 hupumua kidogo majira yakibadilika. Kila nikipita karibu na ofisi ile huomba ruhusa, naingia na rula yangu, napima upana mahali pale pale nilipoweka alama ya penseli upande wa chini. Mara ya mwisho ilikuwa imepungua milimita mbili, na vibanio vilikuwa vimesogea kama vilivyotakiwa. Sasa hivi ndani ya kontena kuna mkangazi wa inchi mbili, uko siku ya 11, na ndoo ya asubuhi ya leo ilikuwa na lita tisa.